Matone ya Oili Hadi Uwandani

Kila nikienda kisimani naulizwa swali lile lile, na kanisani wengine wananiuliza kwa macho tu. Kwa nini tuliondoka watatu tukarudi wawili? Mama Fausta ameshasikia kwamba baba mkwe tulimsahau njiani. Mwingine ameambiwa mzee ameoa Mbarbaigi, wale wafugaji wa uwandani. Nimechoka kueleza vipande vipande huku ndoo ikiwa kichwani, kwa hiyo naandika mara moja, mpokezane.

Mnamjua Boay mume wangu, na mnalijua gari letu, lile la rangi ya maziwa lililobeba harusi za nusu ya Maretadu. Baba mkwe, Mzee Lohay, naye mnamjua: macho yake yamefunga ukungu, anaona mwanga na kivuli basi, ila masikio yake yanasikia hadi usichosema. Mnadani mtu mmoja alimletea habari kwamba dada yake mdogo, Emiliana, anaumwa, na anamtaja yeye tu. Emiliana aliolewa na wafugaji wa Nangwa, chini ya Mlima Hanang, enzi ambazo Boay hajazaliwa. Tangu aondoke, kaka na dada hawakuonana tena. Mzee aliposikia hakula siku ile. Jioni alisema neno moja tu: "Nipelekeni."

Maretadu hadi Haydom

Gari lilikuwa na ugonjwa wake. Kila Boay akichomoa stiki ya oili, alama ilikuwa imeshuka, lakini chini ya gari hakukuwa na kitu. Alitandika gunia jeupe chini ya injini likalala hapo usiku kucha. Asubuhi gunia lilikuwa safi. Boay alilitazama gunia lile kama mtu aliyeibiwa na mgeni wake.

"Oili haipai," alisema. "Lazima inakwenda mahali."

Aliamua kosa ni nati ya chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pale oili inapomwagwa. Akaikaza. Mume wangu ni fundi wa kila kitu ambacho hajawahi kufundishwa, na kwa kawaida ninamwacha. Tulipakia kidumu cha oili, viazi vitamu vya kuchemsha, kibuyu cha mtindi na blanketi la mzee, tukaondoka umande ukiwa bado kwenye mahindi.

Ilikuwa majira ya baridi. Ukungu ulilala mabondeni, na mzee alikaa mbele akiwa amejifunika mpaka kidevuni, akitaja vilima kwa majina kwa jinsi gari lilivyopanda na kushuka. Hakukosea hata kimoja. Nikajiambia, ameipita njia hii mara nyingi kichwani mwake.

Karibu na Haydom taa nyekundu ya oili ikakonyeza. Tulisimama. Boay akafungua boneti, akajaza oili, akainama. Nati ya sampu ilikuwa kavu kabisa. Mimi nilitembea nyuma ya gari kunyoosha miguu, na hapo nikaiona barabara. Tone, hatua chache, tone, hatua chache, mpaka kwenye kona na kupotelea kwenye ukungu. Matone meusi yalikuwa yametufuata tangu nyumbani.

"Linavuja likitembea," nikamwambia. "Likisimama linanyamaza."

"Kama mtu anayelia akiwa peke yake," alisema mzee toka ndani ya gari. Alikuwa na maneno ya namna hiyo safari nzima, na yalinipa baridi kuliko ule ukungu.

Haydom hadi Dirma

Dirma tulisimama kwenye kibanda cha chai. Mwenye kibanda alikuwa mama mnene mwenye kanga mbili, na nilimwona anafaa kwa mashauri. Boay alikuwa amekumbuka ujanja mmoja wa mafundi: ukiosha injini kwa mafuta ya taa, ukaikausha, kisha ukaipaka unga mweupe, oili ikitoka itachora njia yake na utaijua inakotoka.

"Mama, naomba unga wa ngano kidogo," nikasema.

"Unapika nini?"

"Sipiki. Ni wa injini."

Alinitazama, akamtazama Boay, akaangalia gari. "Mwanangu, toka hapa ulipo mpaka mwisho wa macho yako ni ngano ya serikali. Mashine zinaivuna, malori yanaibeba. Unga wenyewe hapa kwangu ni kibaba kimoja, na wewe unataka kulilisha gari."

Lakini alitoa. Akatuongezea chai ya rangi na maandazi mawili yaliyobaki, akakataa kabisa kusikia habari ya malipo mpaka aone unga unafanya nini. Boay akaiosha injini, akairushia unga kwa kiganja. Ilipokuwa nyeupe yote, mama yule alirudi nyuma hatua moja.

"Sasa inafanana na maiti," alisema.

Boay akawasha, akakanyaga mafuta. Sote tuliinama. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha mstari mweusi, mwembamba, ukaanza kushuka juu ya ule weupe, polepole, na tukaufuata kwa macho kurudi juu. Ulitoka kwenye swichi ya oili, kile kidude kidogo ubavuni mwa injini kinachowasha ile taa nyekundu. Injini ikizimwa, msukumo wa oili unakufa, na pale panakauka. Ndiyo maana gunia lilikuwa safi.

Boay alifurahi kupita kiasi. Akachukua spana, akaikaza ile swichi kwa nguvu zote za furaha. Nilisikia kitu kikilia *tik*. Alisema si kitu. Mimi ni mke wake, najua "si kitu" yake inavyosikika.

"Mkiingia mashambani," alisema mama wa chai, "shikeni mlima uwe mkono wa kushoto. Mlima ukijificha, msiendelee."

Tulimshukuru. Mlima ulikuwa umejificha tangu asubuhi.

Ndani ya ngano

Sijui niwaelezeje uwanda ule ninyi mliozaliwa milimani. Kwetu ukitembea kidogo unakuta kilima, nyumba, mti wa mtu fulani, mbwa wa mtu fulani. Kule barabara za shamba zimenyooka kama kamba, zinakatana, zinanyooka tena, na pande zote ni ngano iliyokomaa, urefu wa kiuno. Ngano ilikuwa inatikisika. Gari liliposimama kwenye njia panda nilitoa mkono dirishani nikakuta hakuna upepo.

Tulipita mashine kubwa ya kuvunia imesimama katikati ya shamba. Mlango wake ulikuwa wazi. Boay akapiga honi kuuliza njia, hakutoka mtu. Tukaendelea. Mzee alikuwa ameacha kutaja mahali. Alikuwa ameegemea mbele, mkono kwenye dashibodi.

"Hapa palikuwa na makaburi ya wafugaji," alisema. "Makubwa, ya wazee wao. Ukipita unatupa jani, unasalimu. Yako wapi?"

Boay akaangalia kushoto na kulia. "Ni ngano tu, Baba."

"Basi tunapita juu ya watu."

Nilishika msalaba wa rozari mfukoni. Sioni haya kusema niliogopa.

Kisha Boay akapunguza mwendo. Mbele yetu, katikati ya barabara, kulikuwa na tone jeusi. Hatua chache mbele kulikuwa na jingine. Yalikuwa mabichi, yanameta.

"Kuna gari mbele linavuja kama letu," nikasema, na kabla sijamaliza sentensi nikajua. Mbele kidogo ilisimama ile mashine, mlango wake wazi.

Yalikuwa matone yetu. Tulikuwa tumezunguka, na sasa tulikuwa tunajifuata wenyewe. Tulijaribu njia nyingine ya kukata kulia. Baada ya muda matone yakatokea tena, safari hii mistari miwili. Taa nyekundu ikawaka ikakataa kuzimika. Boay akazima injini upesi isije ikajisaga. Kidumu kilikuwa kimebaki oili ya chini, ya kujaza mara moja tu. Akafungua swichi akakuta alichokifanya Dirma: washa ya shaba, ile pete ndogo ya kuziba oili, imepasuka vipande viwili. Hapakuwa na duka wala fundi. Tulikuwa na oili ya safari moja, na shimo la kuimwaga.

Mzee alisema tu, "Emiliana anangoja," kwa sauti ndogo, akimwambia nani sijui.

Hapo tukasikia mtu anaita. Haikuwa kuita kwa maneno. Ilikuwa sauti ndefu inayopanda, inakatika, inashuka mara mbili. Ilitoka kwenye ukungu, kule ngano ilipoishia. Mzee akageuza kichwa kwa haraka nisiyoitegemea kwa umri wake.

"Mama yetu aliita ndama hivyo," alisema.

Tulitembea kufuata sauti, Boay na mimi. Shamba liliishia kwenye mgunga mmoja uliokatwa kichwa. Chini yake palikuwa na tuta la udongo mpya na mawe, limezungushiwa miiba. Kando yake alisimama mwanamke wa Kibarbaigi, amevaa ngozi, kichwa kimenyolewa, hana ushanga hata mmoja. Ndama wawili walikuwa wanamjia. Alipotuona alinyoosha kiganja.

"Simameni hapo," alisema kwa Kiswahili. "Msinikaribie. Nimefiwa."

Mnajua wenyewe. Kwetu huitwa metimani, nao wana ya kwao inayofanana: aliyefiwa anajitenga, hali na watu, hapeani nao chombo, mpaka siku zake ziishe, ili msiba usiambukize nyumba nyingine. Ukikutana naye unasimama mbali, unasema lililo lazima, unaondoka. Humwulizi amefiwa na nani. Kumfanya amtaje marehemu wakati huo ni kumwita arudi. Watoto wa kwetu wanafundishwa hivyo kabla ya Baba Yetu.

Tukasimama pale pale. "Pole sana, dada," nikasema. Boay akaeleza shida yake kwa sauti ya juu: gari, shimo dogo, anahitaji kipande cha ngozi ngumu, ukubwa wa sarafu.

Alifikiri. Akaenda nyuma ya miiba, tukasikia kisu, akarudi na kipande cha ngozi nyeusi iliyolainishwa kwa miaka mingi ya siagi. Akakiweka juu ya jiwe katikati yetu, akarudi nyuma mbali. Boay akakichukua. Akauliza barabara kubwa ya Katesh, ile ya kwenda Nangwa. Yule mwanamke akaonyesha kwa kidevu, njia ya kufuata miiba, moja kwa moja, bila kukata kona.

Boay alisogeza gari mpaka karibu na mgunga, akakata ngozi kwa wembe, akaitoboa, akaifunga swichi, akamimina oili ya mwisho. Muda wote huo mzee alikaa ndani, dirisha liko wazi, uso umeelekea kwenye tuta. Yule mwanamke aliita ndama tena.

"Huyo ni nani?" mzee aliuliza.

"Mama mmoja aliyefiwa, Baba. Yuko katika kujitenga."

Nilimwona akihangaika. Midomo ilifunguka, ikafunga. Nadhani alitaka kuuliza, na nadhani kama angeuliza tungemwita yule mwanamke. Lakini yeye ndiye aliyetufundisha sisi sote adabu ile, na hakuwahi kuivunja.

"Basi twendeni," alisema. "Aliyefiwa hasumbuliwi."

Boay akawasha gari. Nilichungulia chini: hakuna tone. Tulipoondoka niligeuka nyuma. Mwanamke alikuwa amesimama pale pale, na barabara nyuma yetu ilikuwa safi.

Nangwa

Tulifika Nangwa jua likiwa linazama na mlima umejifunua wote, mkubwa, umetukalia. Boma la kina Emiliana lilikuwa na moshi mmoja tu. Alitoka shemeji yake Emiliana, ndugu wa mumewe, mzee mrefu mwenye fimbo. Tulisalimiana, shikamoo zikaisha, tukapewa maziwa. Hakuna aliyeharakisha. Kisha Mzee Lohay akasema, "Nimekuja kumwona dada yangu."

Yule shemeji akaiweka fimbo chini.

"Malisho yalituishia huku," alisema. "Tulihama na ng'ombe hadi uwandani, kwenye ukingo uliobaki. Ugonjwa ulimkuta huko. Ameshatutoka. Tumempa kaburi la heshima, na si kila mwanamke anapewa. Yuko mwisho wa ngano, kwenye mgunga uliokatwa kichwa. Binti yake wa mwisho anakaa naye."

Boay akanitazama. Sikuweza kumtazama yeye. Nilimtazama mzee, na sitasahau. Hakulia. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na kitu.

"Nilimsikia," alisema. "Dada yangu alimfundisha kuita ndama. Nilikaa pale hatua chache toka kwake, nikawaambia twendeni."

Baadaye kidogo akauliza, "Na kwa nini binti anakaa? Siku za msiba zikiisha si atarudi?"

"Harudi," alisema shemeji. "Matrekta kila msimu yanasogea. Makaburi mengine yamekwisha limwa. Lakini dereva hawezi kulima mahali alipokaa mtu mzima anamtazama. Kwa hiyo anakaa."

Walituletea ugali na nyama. Mimi nilikula kwa adabu. Mzee aligusa mkono wake kwenye sahani, akaurudisha mapajani.

Kurudi kwenye mgunga

Asubuhi tulipata oili kwa jirani mwenye trekta, tukarudi uwandani. Mnaweza kudhani ilikuwa rahisi. Mlima ulikuwa wazi, lakini migunga iliyokatwa kichwa ni mingi kule, na njia zote ni dada wa baba mmoja. Jioni ile hatukuwa tumeacha alama yoyote, kwa kuwa ngozi ilishika vizuri. Tuliingia njia hii, tukatoka, tukaingia ile.

Hatimaye nikashuka, nikatembea mbele ya gari nikiwa nimeinama, natazama vumbi. Nilijua kitu kimoja: toka upande wa ngano, matone yalikoma mahali Boay alipofunga ngozi. Pale yangeanzia kwetu tuliotoka Nangwa, ndipo alipo binti. Jana nililaani kila tone. Leo nilikuwa naomba Mungu anionyeshe moja.

Nilipoliona nilikaa chini barabarani. Kulikuwa na doa kubwa, na kutoka hapo mistari ikaenda zake kuzunguka ngano. Nikainua kichwa, mgunga ulikuwa mbele yangu.

Binti alisimama, akanyoosha kiganja kama jana. Boay alitaka kumshika baba yake mkono asiende. Mzee akautoa mkono ule.

"Jana nilikuwa mgeni," alisema. "Leo nimefiwa kama yeye. Atanichafua na nini?"

Akatembea peke yake, fimbo mbele, moja kwa moja mpaka kwenye miiba. Kisha akainua shingo, akaita ndama. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilipanda, ikakatika, ikashuka mara mbili. Mkono wa yule binti ukashuka. Akamwitikia vile vile.

Walikaa chini ya mgunga muda mrefu. Sisi tulibaki kwenye gari, kwa sababu sisi bado tulikuwa na nyumba na watoto wa kurudia. Maneno mengi hayakutufikia. Moja lilitufikia, kwa sababu binti alilisema akionyesha gari. Ile ngozi aliikata kwenye vazi la mama yake, lile alilovaa toka siku ya ndoa. Hakuwa na ngozi nyingine ngumu ya kutosha.

Mzee akamwita Boay aje hadi kwenye jiwe.

"Mimi nabaki," alisema. "Wawili wakikaa, mmoja anaweza kulala. Utaniletea unga."

Boay aliongea sana. Aliongelea baridi, macho, umri, watu watasema nini Maretadu. Mzee alimwacha amalize.

"Utanipataje ukirudi?" akauliza.

Yale matone ya kwanza yalikuwa yamejizungusha. Ukiyafuata utazunguka nayo mpaka oili ikuishie.

"Chukua spana," mzee alisema. "Legeza kidogo. Uache njia."

Nilimwona mume wangu, aliyehangaika na uvujaji ule tangu Maretadu, akifungua boneti na kulegeza swichi nusu mzunguko. Ngozi ya shangazi ikaanza kutoa machozi. Tuliondoka polepole kufuata miiba, tone, hatua chache, tone, mpaka barabara kubwa. Pale akaikaza tena. Mimi nililia njia nzima, na Boay alijifanya haoni.

Ndivyo ilivyokuwa. Ngozi imo ndani ya injini yetu mpaka leo, na haivuji mpaka iombwe. Boay amekwenda mara mbili kupeleka unga na chumvi, na kila akirudi analegeza, anaichora njia upya. Mzee yuko salama, amekonda, na anasema trekta lilifika likasimama karibu, dereva akamtazama, yeye akamtazama dereva kwa macho yasiyoona, likageuka.

Lakini ngano imeshavunwa, na mnayaona mawingu haya. Mvua ikinyesha wataanza kulima, na vumbi litakuwa tope, na matone yote yatakwenda na maji. Leo asubuhi nimemkuta Boay amelala chini ya gari, nikamwuliza, njia ikifutika utafuata nini?

Alisema atafika pale tunapoiacha barabara kubwa, azime injini, asikilize wanaoita ndama.